Wiki Tatu za Ubongo na Hesabu: Anza Kujiandaa Ukiwa Doornfontein

Mafunzo mafupi ya nadharia ya ubongo na mifumo changamani huchukua wiki mbili, tatu, pengine nne. Muda huo hautoshi kujifunza hesabu usiyoijua, kuandika programu ambazo hujawahi kuziandika, na kufufua biolojia uliyoiacha kidato cha nne, yote kwa pamoja. Anayekwenda akitarajia kufundishwa kila kitu hurudi na picha ya pamoja na fulana. Anayefaidi ni yule aliyeanza miezi sita kabla, akaingia darasani na vitu viwili: ufundi mmoja ulioiva kiasi cha kumsaidia jirani yake, na swali moja ambalo ni lake mwenyewe. Namna ya kuvipata vitu hivyo viwili ndiyo habari ya makala hii.

Nawaandikia hasa wasomaji wa Kiswahili walio Johannesburg: Mtanzania anayesoma uhandisi, Mkenya aliyekuja kwa shahada ya uzamili, Mkongomani wa Yeoville ambaye nyumbani huongea Kiswahili cha Bukavu au cha Lubumbashi. Doornfontein ni mahali pazuri pa kuanzia, ingawa haina jina kubwa katika sayansi ya ubongo. Kampasi ya Chuo Kikuu cha Johannesburg (UJ) iliyopo hapa, ambayo kabla ya muungano wa vyuo wa mwaka 2005 ilikuwa ya Technikon Witwatersrand, imewaweka wahandisi na wanafunzi wa sayansi za afya ndani ya uzio mmoja. Chuo Kikuu cha Witwatersrand, yaani Wits, kipo Braamfontein, kilomita chache upande wa magharibi. Watu utakaowahitaji kwa maandalizi tayari unapishana nao kila siku.

Elimu yenyewe ni ipi

Ukipanda treni inayoelekea mashariki kutoka stesheni ya Doornfontein, utafika Germiston. Huko ndiko alikozaliwa Sydney Brenner mwaka 1927, mtoto wa fundi viatu. Aliingia Wits kusomea udaktari akiwa mdogo mno. Ilionekana angemaliza kabla ya kufikia umri wa kuruhusiwa kutibu, akaelekezwa kwanza kwenye anatomia na fiziolojia. Baadaye akaenda Oxford, kisha Cambridge, na huko katika miaka ya 1960 akachagua kumchunguza mnyoo mdogo wa udongoni, Caenorhabditis elegans, mwenye urefu wa takriban milimita moja. Kwa nini mnyoo? Kwa sababu Brenner alianza na swali, ndipo akamtafuta kiumbe anayelifaa. Alitaka mnyama ambaye mfumo wake wote wa neva unaweza kuchorwa, seli moja baada ya nyingine. Mnyoo huyu mwenye jinsia mbili ana seli za neva 302 tu. Ramani ya viunganishi vyake ilichapishwa mwaka 1986, na mwaka 2002 Brenner akapata Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili kwa kazi iliyotokana na mnyoo huyo.

Ila ramani ilipopatikana, swali kubwa lilibaki. Ramani ya reli inakuonyesha kwamba Doornfontein imeungana na Germiston; haikuambii treni inaondoka saa ngapi, wala kama leo ipo. Vivyo hivyo, kujua seli ipi imeungana na ipi hakukuambii ishara itapita lini, kwa nguvu gani, na mnyoo atageukia wapi. Nadharia ya ubongo hushughulika na hilo la pili: mwendo wa ishara katika muda. Msingi wake mmoja mkubwa uliwekwa mwaka 1952, pale Alan Hodgkin na Andrew Huxley walipoandika milinganyo inayoeleza jinsi umeme unavyosafiri katika uzi mnene wa neva wa ngisi. Nao walipata Nobel mwaka 1963.

Mifumo changamani ni jirani wa karibu. Hapo tunachunguza vitu vingi, kila kimoja na tabia nyepesi, ambavyo kwa pamoja hufanya jambo ambalo hakuna kimojawapo kingelifanya peke yake. Ubongo ni mfano, na wingi peke yake hauelezi kitu. Ubongo wa binadamu una seli za neva zipatazo bilioni 86. Wa tembo wa Afrika, kwa hesabu iliyochapishwa mwaka 2014 na watafiti akiwemo Paul Manger wa Wits, una bilioni 257, lakini karibu zote zimo katika ubongo mdogo wa kisogoni. Mpangilio na mwendo vina uzito kuliko idadi.

Elimu hii haijawahi kuwa ya fani moja. Mwaka 1943 Warren McCulloch, daktari wa neva, aliandika pamoja na Walter Pitts, kijana wa mantiki asiye na shahada, makala iliyoonyesha kwamba seli za neva zilizorahisishwa zinaweza kufanya hesabu za kimantiki. Mwaka 1982 John Hopfield, mwanafizikia, alionyesha jinsi mtandao wa seli za namna hiyo unavyoweza kuhifadhi kumbukumbu; Nobel ya Fizikia ya 2024 ilimwendea yeye na Geoffrey Hinton. Kwa hiyo usijidharau kwa kuwa unajua upande mmoja tu. Walioijenga elimu hii walikuwa hivyo hivyo.

Mafunzo yapo wapi, na lini

Jambo la kwanza la kuangalia ni kalenda. Mafunzo mengi ya Ulaya, Marekani na Japani yanaitwa ya kiangazi na hufanyika Juni hadi Agosti. Kwetu Johannesburg huo ni wakati wa baridi kali, na kwa bahati njema ndio wakati wa mapumziko ya katikati ya mwaka. Kiangazi cha huku ni Desemba na Januari. Usipoliangalia hilo, utakosa yale yaliyo karibu nawe kuliko yote.

Yaliyo karibu ni Imbizo ya nadharia ya ubongo inayofanyika Cape Town mwezi Januari, iliyoanza mwaka 2017 kwa msaada wa shirika la kimataifa la utafiti wa ubongo, IBRO, na wakfu wa Simons. Huchukua kundi dogo, nusu ya siku wakisikiliza mihadhara na nusu wakifanya miradi, na Waafrika huweza kuomba msaada wa gharama. Kwa kuwa kundi ni dogo, ushindani ni mkali.

Ya pili ni Neuromatch Academy, iliyoanza Julai 2020 janga la korona lilipofunga safari zote. Hufanyika mtandaoni kwa wiki tatu, katika vikundi vidogo vyenye mkufunzi wao. Ada hupangwa kulingana na nchi ya mwanafunzi, na asiyeweza anaruhusiwa kuomba asamehewe. Vitabu vyake vya mazoezi vimewekwa wazi kwa yeyote, hata asiyejiandikisha. Kama hujawahi kusoma chochote katika fani hii, anzia hapo.

Kisha kuna majirani. Kituo cha Trieste, Italia, kilichoanzishwa na Mpakistani Abdus Salam mwaka 1964, huendesha mafunzo ya fizikia na hesabu za maumbile bila kudai ada ya kujiandikisha, na kina tawi Kigali. Taasisi ya Santa Fe, Marekani, ina shule ya mifumo changamani ya kila mwaka. Gharama zake ni kubwa, lakini kozi zake za mtandaoni za Complexity Explorer ni za bure. Hapa Afrika Kusini, taasisi ya taifa ya sayansi za nadharia na hesabu, NITheCS, huendesha kozi fupi mtandaoni bila malipo. TReND in Africa, iliyoanza mwaka 2011 kwa kufundisha sayansi ya neva katika Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kampala, kampasi ya Ishaka, ina mafunzo yanayohama kutoka nchi moja hadi nyingine. Na Deep Learning Indaba, mkutano mkubwa wa akili mnemba wa bara hili, ulizaliwa Wits mwaka 2017. Huo si wa ubongo, ila hesabu zake ni ndugu.

Ushauri wangu: chagua mawili tu kwa mwaka, moja la mtandaoni na moja la kusafiri. Anayeomba kumi kwa barua ileile husalitiwa na barua yake mwenyewe, kwa sababu kila shule ina jambo lake inalolitafuta, na wasomaji wa maombi hawachukui muda kumtambua aliyenakili.

Miezi sita ya nyumbani

Hesabu unazohitaji ni tatu. Kwanza, milinganyo ya mabadiliko, ile inayoeleza kitu kinavyopanda au kushuka kadiri muda unavyokwenda. Pili, aljebra ya matriki, kwa sababu mtandao wa seli huandikwa kama jedwali la namba. Tatu, uwezekano, kwa sababu seli za neva zina kelele. Huhitaji kuzimaliza zote. Unahitaji kuzifahamu kiasi kwamba mhadhiri akiandika mlinganyo ubaoni, unaweza kusema kipi kinaongezeka, kipi kinapungua, na nini kitatokea mwishoni.

Seymour Papert, aliyezaliwa Pretoria mwaka 1928 na kupata shahada yake ya uzamivu ya hesabu hapo Wits, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kusisitiza kwamba mtu hujifunza kwa kuunda kitu. Ndiye pia aliyeandika na Marvin Minsky, mwaka 1969, kitabu cha Perceptrons kilichoonyesha mipaka ya mitandao ya tabaka moja. Basi tuunde kitu. Chukua karatasi, kalamu na kikokotoo.

Tuchukue seli moja ya neva. Ikitulia, umeme wake ni milivolti hasi 70. Ikifika hasi 50, inapiga: inatuma ishara, kisha inarudi hasi 70. Inavuja pia: kadiri inavyopanda juu ya utulivu wake, ndivyo inavyovutwa kurudi chini. Kanuni ni hii: kila milisekunde moja, chukua nguvu ya msukumo unaoingia, toa kiasi seli ilichokwisha kupanda, gawanya kwa 20, kisha ongeza jibu kwenye umeme wa seli.

Anza na msukumo wa 15. Hatua ya kwanza seli inapanda 0.75, ya pili inapanda pungufu kidogo, na kuendelea hivyo. Inasogea kuelekea hasi 55 na haivuki hapo. Hata ukisubiri hadi kesho, haipigi. Sasa weka msukumo wa 25. Hatua ya kwanza inapanda 1.25, ya pili 1.19, na katika hatua ya 32 inavuka hasi 50. Imepiga. Weka msukumo wa 50, mara mbili ya ule: inapiga katika hatua ya 10 tu.

Tazama ulichopata. Msukumo wa 15 ulitoa kimya kitupu. Kutoka 25 hadi 50, msukumo uliongezeka mara mbili, lakini kasi ya kupiga iliongezeka takriban mara tatu. Seli haijibu kwa uwiano sawa na anachoingiza mtu. Wazo la seli inayovuja na kujaa lilianza kwa Mfaransa Louis Lapicque mwaka 1907, na bado ni zoezi la siku za mwanzo katika mafunzo ya leo. Ukilifanya kwa mkono mara moja, hutalisahau.

Baada ya karatasi, nenda kwenye kompyuta. Zoezi lile lile katika lugha ya Python halizidi mistari kumi na tano. Kama huna kompyuta yenye nguvu, tumia huduma za bure zinazoendesha Python ndani ya kivinjari. Kisha ongeza seli ya pili, uiunganishe na ya kwanza. Kisha mia. Ongeza kelele. Kila hatua chora mchoro, na kabla ya kuutazama, andika unachokitarajia. Tofauti kati ya ulichotarajia na ulichokiona ndiyo mahali pa kusoma.

Kwa vitabu, viwili vinakutosha. Kitabu cha Wulfram Gerstner na wenzake, Neuronal Dynamics, cha mwaka 2014, kinasomeka chote bure mtandaoni pamoja na mazoezi yake. Cha Steven Strogatz kuhusu mienendo isiyo ya mstari mnyoofu na vurugu, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1994, ni mwalimu mpole wa milinganyo ya mabadiliko. Soma sura nne za kila kimoja kwa kufanya mazoezi yake. Ni bora kuliko kuvipitia vyote kwa macho.

Na kwa kuwa tunaishi Johannesburg: pakua kila kitu mapema. Mgao wa umeme ukirudi, au kifurushi kikiisha, usikutwe kazi yako yote ikiwa mtandaoni. Kama una akaunti ya eduroam ya chuo chako, itafanya kazi UJ na Wits pia. Tumia mtandao wa chuo kupakua mihadhara, usikilizie nyumbani.

Mtafute mtu wa upande wa pili

Hapa ndipo Doornfontein inapolipa. Idara ya sayansi ya macho ya UJ ipo kwenye kampasi hii hii. Mwanafunzi wa macho anajua kwamba retina ina seli za kupokea mwanga zaidi ya milioni 100, ilhali nyuzi za neva zinazotoka jichoni kwenda kwenye ubongo ni kama milioni moja tu. Mwanafunzi wa uhandisi wa umeme akisikia hivyo, anaona tatizo analolijua vizuri: namna ya kubana taarifa ili zipite kwenye njia nyembamba. Mmoja ana ukweli, mwingine ana zana, na kila mmoja kwa peke yake hajui kwamba ameshika nusu ya jambo.

Basi fanya hivi. Mtafute mtu mmoja wa fani usiyoijua, na mpatane kukutana mara moja kwa wiki, saa moja na nusu. Nusu ya kwanza yeye anakufundisha jambo moja kutoka kwake. Nusu ya pili wewe unamfundisha moja. Kuna sharti: anayefundishwa lazima arudie alichosikia kwa maneno yake mwenyewe kabla hamjaachana, na anayefundisha haruhusiwi kutumia neno la kitaalamu ambalo hajalieleza. Mwanzoni mtatoka jasho. Mwanafunzi wa tiba atasema "sinapsi" mara sita bila kuieleza, na mhandisi atadhani kila mtu anajua chujio la mawimbi ni nini.

Nasisitiza zoezi hili kuliko jingine lolote, kwa sababu kazi za vikundi katika mafunzo haya hukwama zaidi kwenye kuelewana kuliko kwenye hesabu. Mwanafizikia anarahisisha seli mpaka mwanabiolojia anaudhika. Mwanabiolojia anaorodhesha vighairi mpaka mwanafizikia anakata tamaa. Aliyekwisha zoea ugomvi huo wa kiungwana huwa ndiye mtu wa thamani kwenye kikundi, hata kama si bingwa wa chochote.

Kama Kiswahili ndiyo lugha mnayoielewa wote, fanyeni mikutano kwa Kiswahili. Mafunzo yenyewe yatakuwa kwa Kiingereza, na istilahi utazikuta huko. Lakini jambo ulilolielewa kwa lugha unayoota nayo halikupotei ubaoni.

Barua ya maombi na swali lako

Barua nyingi za maombi huanza na mapenzi ya utotoni kwa sayansi. Sentensi kama "Nimevutiwa na maajabu ya ubongo tangu nikiwa mdogo" haimwambii msomaji kitu, maana kila mwombaji angeweza kuiandika. Anza na swali.

Swali zuri huwa na sifa tatu. Ni dogo kiasi cha kugusika ndani ya wiki tatu. Lina kitu cha kupima. Na kuna sababu ya wewe kuliuliza badala ya mtu mwingine. Kwa sababu hiyo ya mwisho, usidharau mambo ya kwetu. Chukua kifafa. Mahenge, kusini mwa Tanzania, daktari Louise Jilek-Aall alieleza tangu miaka ya 1960 watoto wenye kifafa cha kuangusha kichwa, na utafiti wa baadaye uliendelea kuhusisha hali hiyo na minyoo ya usubi. Kilifi, pwani ya Kenya, watafiti wamechunguza kwa miaka mingi kifafa na athari za malaria ya ubongo kwa watoto. Na degedege ni suala la mifumo changamani waziwazi: seli nyingi zinapiga pamoja pale ambapo hazikupaswa.

Kuna kielelezo cha Mjapani Yoshiki Kuramoto, cha mwaka 1975, kinachoonyesha vitu vingi vyenye mapigo tofauti. Muunganiko kati yavyo ukiwa hafifu, kila kimoja kinakwenda na wakati wake. Muunganiko ukizidi kiwango fulani, baadhi yavyo huanza kupiga pamoja. Si kila degedege ni ulinganifu mtupu, na hilo lenyewe linazaa swali. Linganisha sentensi hizi mbili. Ya kwanza: "Ningependa kujifunza kuhusu kifafa ili niisaidie jamii yangu." Ya pili: "Nataka kujua kama kundi la seli mia moja linahitaji muunganiko mkubwa zaidi au mdogo zaidi ili lipige pamoja, pale seli kumi za kutuliza zinapoondolewa." Ya pili inaweza kuanza kufanyiwa kazi Jumatatu asubuhi.

Usiahidi tiba. Usitumie data ya wagonjwa uliyopewa na rafiki anayefanya kazi hospitalini. Data ya mgonjwa ina mwenyewe, na ina taratibu za idhini. Zipo rekodi za umeme wa ubongo zilizowekwa wazi kwa watafiti duniani kote, na zinatosha kwa mradi wa kujifunzia.

Kuhusu barua za wadhamini: mwombe mhadhiri mwezi mzima kabla, kwa heshima, na umpelekee nusu ukurasa unaoeleza kazi uliyomfanyia, swali lako, na tarehe ya mwisho. Profesa mwenye wanafunzi mia mbili hawezi kukukumbuka kwa sura tu. Mkumbushe mara moja wiki moja kabla. Usimkumbushe kila siku.

Karatasi, nauli na mwili

Kabla hujaomba mafunzo ya ng'ambo, kagua hati zako. Anayekuja mafunzo ya hapa kutoka nyumbani naye akague zake: Mkenya haombi viza ya kuingia Afrika Kusini kwa ziara fupi tangu Januari 2023, lakini Mkongomani anaihitaji. Wanaotoka Kenya, Uganda na Kongo wabebe cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Kwa viza za Ulaya, hesabu miezi mitatu kutoka siku ya kukubaliwa, na uombe shule ikuandikie barua inayotaja nani analipa malazi na nauli.

Ndugu mwenye kibali cha mwomba hifadhi, zingatia hili kwa makini. Kibali hicho kinakuruhusu kusoma, ila si hati ya kusafiria. Ukivuka mpaka unaweza kuharibu kesi yako. Mafunzo ya Cape Town yapo ndani ya nchi, na mabasi yanaondoka Park Station. Ni safari ndefu ya takriban kilomita 1,400, lakini haina mpaka wa kuvuka. Kwa yale ya nje, zungumza kwanza na wanasheria wa wakimbizi, siyo na rafiki aliyefanikiwa kupita.

Kuhusu fedha, usione haya kuomba msaada kwenye fomu. Kipengele hicho kimewekwa ili kijazwe. Andika kiasi unachohitaji na unachoweza kuchangia, kwa tarakimu. Maombi ya wazi hushughulikiwa kirahisi kuliko maelezo marefu ya shida.

Ukishafika

Kaa mbele siku ya kwanza. Uliza swali la kwanza kabla ya mapumziko ya kwanza, hata kama ni la kuomba alama fulani ielezwe. Kuuliza si ujinga, na mara nyingi nusu ya darasa ilikuwa inalisubiri swali hilo. Wahadhiri wakubwa hula chakula cha mchana pamoja na wanafunzi. Usiwaogope kwa sababu ya majina yao. Waulize jaribio gani liliwashinda, si lipi liliwapa sifa.

Kwenye mradi, pendekeza toleo dogo kabisa la swali lenu na mlimalize katika siku mbili za mwanzo, likiwa na mchoro mmoja unaosomeka. Kisha ongezeni. Kikundi kinachoanza na ubongo mzima humaliza wiki kikirekebisha makosa ya programu. Gawaneni kazi kwa kubadilishana: mwanabiolojia aandike sehemu ya programu, mhandisi asome makala ya tiba. Mtakwenda polepole, lakini hilo ndilo lililowaleta.

Lala. Usiku wa manane una raha yake katika mafunzo haya, ila siku ya nane bila usingizi utakuwa unaandika maelezo usiyoyaelewa. Na utakapojiona mjinga kuliko wote, kwa kawaida kati ya siku ya tatu na ya tano, zungumza na mwenzako. Utagundua naye anajiona hivyo, kwa sababu kila mmoja anajilinganisha na wengine katika fani ambayo si yake.

Ukirudi

Ndani ya wiki mbili, kabla hujasahau, fanya mambo matatu. Safisha programu za mradi wenu na uziweke mahali wengine wanapoweza kuzitumia. Waandikie watu watatu, siyo thelathini, ukiwaeleza hatua unayofuata na unachohitaji kutoka kwao. Kisha toa mhadhara wa saa moja kwenye kampasi yako, kwa watu wasio wa fani yako. Waalike wa macho, wa uuguzi, wa umeme. Hapo ndipo utakapompata yule wa kukutana naye kila wiki kwa mwaka unaofuata, na pengine yule utakayemwandikia barua ya udhamini.

Kuanza hakusubiri tangazo lolote. Wiki hii fanya hesabu ya seli moja kwa mkono, kwa msukumo wa 30 mara hii, ujue itapiga katika hatua ya ngapi. Mtafute mtu mmoja wa jengo ambalo hujawahi kuingia, umwombe saa moja na nusu. Kisha andika swali lako kwa sentensi moja, umsomee. Asipolielewa, usilirembeshe, lipunguze, umsomee tena wiki ijayo.